Tazama Nukta

...na nukta yenyewe ndogo, kama punje ya mtama, ya kijani, imekaa pembeni juu kabisa ya kioo cha kompyuta, na Sumaiya anatakiwa aitazame tu, asifanye jingine, aitazame mpaka igeuke nyeupe na kuhamia kwingine, ndivyo mashine inavyoyapima macho yake kabla ya kazi, kazi gani hii rahisi, mtoto mchanga anaiweza, mtoto mchanga hukodolea taa mpaka ikazimwa na hakuna anayemwambia hana adabu, lakini chini kwenye ngazi kuna mtu anakohoa, kikohozi kimoja kikavu cha kupiga hodi, na Sumaiya anakijua kikohozi kile kama anavyoijua nyumba hii, ni Ami Moiz, mkubwa wa ofisi, anapanda, na ngazi za nyumba za mtaa wa Kiponda zimesimama wima, na yeye anapanda kwa kituo, kidato, pumzi, kidato, pumzi, "Usitikise macho, Da Suma," Zain, fundi wa kompyuta, anasema ubavuni pake, "utatuanzisha upya," na yeye anajibu kwa mdomo peke yake, sitikisi, maana mdomo ndio uliobaki unaofanya unachoambiwa, mdomo na macho, mikono imelala mapajani juu ya buibui kama vitu vya mtu mwingine alivyoachiwa avitunze, kidato, pumzi, na leo ndiyo leo, leo Ami Moiz anakuja kumtazama akichora kwa macho, akiweza meza hii ni yake, asipoweza anarudi nyumbani kwa heri na dua, hakuna aliyeyasema hivyo kwa ukali, hakuna ukali katika ofisi hii, Ami Moiz hajui kufukuza mtu, anajua kumhurumia tu, na huruma yake ina mlango mmoja, wa kutokea, "Pumzika, mwanangu, nafasi yako ipo," alisema Alhamisi, na Sumaiya anajua meza iliyopumzishwa hupata mwenyewe mwingine, kama baraza, ukiinuka kwenda kunywa maji ukirudi umekaliwa... tazama nukta, Sumaiya, tazama nukta.

Ilianza na kikombe, kilimtoka mkononi mezani wakati wa futari, wakacheka wote, Bibi akasema swaumu imekukamata, kisha kalamu, kisha kifungo, kisha siku moja mkono wa kulia ulikuwa juu ya mausi na yeye anauambia bonyeza, na mkono umetulia, haukukataa, ulikuwa kama mtu aliyesahau lugha, na daktari akasema ni mishipa ya fahamu, hauui ugonjwa huu lakini ulichochukua haurudishi, na akauliza unafanya kazi gani, akasema nachora majumba, majumba ya zamani ya hapa mjini, kila nyumba kabla haijakarabatiwa lazima ichorwe ilivyo, ukuta na ufa wake, boriti na mpindo wake, na daktari akatazama mikono yake mwenyewe, watu wote hufanya hivyo, huitazama mikono yao wenyewe haraka kuona kama ingalipo... kidato, pumzi, amefika kwenye kona ya ngazi, pale penye dirisha dogo, atasimama kidogo, husimama pale akajifanya anatazama nje, "Unakwenda vizuri," Zain anasema, "nukta mbili tushazimaliza, hii ya tatu," na nukta haigeuki nyeupe, imemganda, kwa sababu jicho limeshakwenda mlangoni na kurudi, mashine imeliona, mashine inaona kila kitu isipokuwa sababu.

Alijaribu yote, hakuna mtu wa kumwambia hakujaribu, alianza na sauti, si ndiyo wanayosema, siku hizi kila kitu kinasikiliza, simu, gari, taa, basi akakaa hapa dirisha wazi akaiambia kompyuta chora, na kompyuta ikasikiliza Kiponda nzima, ikaandika bei ya pweza, ikaandika ugomvi wa Bi Tabia wa nyumba ya pili na paka wake, na hata dirisha lilipofungwa nani anachora kwa mdomo, mstari, kushoto, zaidi, basi, umepita, rudi, hapana rudi kidogo, nyumba haisemeki, nyumba inachorwa, kisha Zain akaleta mkanda wa mkononi, akasema huu unasoma mshipa hata kabla kidole hakijacheza, wewe unakusudia tu, mkanda unapokea, na wakaufunga na wakangoja, na mshipa wake haukuwa na neno la kumwambia mtu, Zain aliufungua mkanda polepole sana kama anayevua mtu bandeji, asimtazame usoni, na akasema usijali, huko mbele watakuwa wanasoma kichwani moja kwa moja, kibodi na mausi vitakuwa kama cherehani ya mkono, vitu vya kuwaonyesha wageni, na Bibi Radhiya aliposikia hayo nyumbani, anachambua mchicha, akasema waingie tu humo kichwani kwangu, watakuta leo napika nini na nani hajaleta sahani yangu, wallahi watatoka wenyewe.

Na mwisho likaja hili, kipande cheusi chembamba kama chanuo, kinakaa chini ya kioo kinatazama juu, kinafuata macho, jicho likitua mahali na likatulia, mashine inahesabu umebonyeza, unatua hapa, unatua pale, mstari umepita kati, siku ya kwanza alichora ukingo wa dirisha, mstari mmoja, umenyooka, wake, na akalia, na machozi yakaipoteza mashine, ikaandika kwa maneno ambayo Zain aliyatafsiri mwenyewe kwa fahari, Sikuoni, tazama nukta, na Zain akasema ewe dada yangu, tumalize kazi kwanza ndipo ulie, wakacheka mpaka mchora ramani wa chumba cha pili akaja kuuliza kulikoni, na baada ya hapo alichora, alichora kila siku, polepole, kisha si polepole sana, alijifunza kwamba kuchora kwa macho ni kama kutembea gizani kwenye nyumba unayoijua, usifikirie mguu, fikiria unakokwenda, na alikuwa amefika, wallahi alikuwa amefika, mpaka Alhamisi... tazama nukta... Alhamisi wenye nyumba aliyokuwa akiichora walikuja, jamaa watatu warithi, wamesimama ukutani na viatu vyao vizuri, na mchoro ulikuwa kwenye kioo, kazi ya asubuhi nzima, roshani ya mbao na nakshi zake, na Ami Moiz akaingia, na Ami Moiz hasimami nyuma ya mtu, hajasimama nyuma ya mtu maisha yake, anasema kuchungulia kazi ya mtu mgongoni ni tabia ya paka jikoni, mwenye heshima hukuta uso kwa uso, basi akaja akasimama mbele, upande wa pili wa kioo, kanzu nyeupe, kofia nyeupe yenye uzi wa dhahabu, akauliza kwa ile sauti yake ya chini, "Bibi hajambo? Miguu yake vipi?" na mtu akikuuliza habari ya bibi yako, mtu aliyekufundisha kushika penseli, aliyeweka kidole chake juu ya karatasi yako akasema ukuta wa mji huu haujui rula, mwanangu, ufuate ulivyo usiunyooshe, mtu huyo akikuuliza hali ya bibi yako humkodolei macho, shingo inajua yenyewe, macho yalishuka, "Hajambo ami, anakusalimu," na chini kwenye kioo, pale yaliposhukia, palikuwa pameandikwa Futa, na macho yakatulia pale kwa adabu, na mashine ikauliza Una hakika, na Ami Moiz bado anasema, mwambie nitamletea ile dawa ya kuchua, na macho bado yako chini, yametulia juu ya Ndiyo, na roshani ikaondoka, yote, nakshi kwa nakshi, mbele ya warithi na viatu vyao.

Mmoja wao alisema, si kwa ubaya, "Kwani hamna mtu mwenye mikono?" na Zain akageuka kumjibu na Ami Moiz akamzuia kwa kiganja, na kisha ndipo, wageni walipokwisha ondoka, yakaja yale maneno laini, macho nayo huchoka, mwanangu, pumzika... Hayakuchoka. Hayakuchoka macho, alitaka kumwambia, yaliinama, lakini kumwambia ingebidi amtazame.

Amefika mlangoni. Anavua viatu, Sumaiya anasikia kimoja, kisha kingine, na nukta, nukta iko palepale pembeni juu, na safari hii hatashusha, kaapa, kaapa tangu Ijumaa, kafanya mazoezi, alimwambia Bibi kaa hapa mbele yangu unigombeze, mimi nitakutazama machoni nisiinamishe, nataka kuizoesha shingo, na Bibi akaacha kupepeta mchele, "Nikugombeze, na wewe unikodolee? Kwani umekuwa askari?" "Ni mazoezi tu, Bibi." "Mazoezi ya utovu wa adabu sijapata kuyasikia, huko chuoni mlikuwa mkiyafanya na haya?" lakini akakaa, anampenda, akakunja uso akaanza, we Sumaiya, we mtoto, nimekulea mimi, usiku na mchana, leo unanitazama hivyo, na ilikuwa mchezo, wote wawili walijua ni mchezo, na Sumaiya akashikilia, akashikilia, akaona uso wa Bibi kwa mara ya kwanza jinsi ulivyo, kijivu kwenye duara la jicho, kovu dogo chini ya nyusi ambalo hakuwahi kuliona, na shingo ikavunjika yenyewe, macho yakaanguka kwenye ungo wa mchele, na Bibi akaacha mchezo akasema taratibu, "Macho hayo nimeyalea mimi. Mashine imeyakuta." ... na yeye akakasirika, akasema huelewi Bibi, ndiyo kazi yangu hiyo, akaingia ndani akafanya mazoezi na kalenda ukutani, kalenda haina heshima ya kuitaka, akaweza, na leo ataweza, leo Ami Moiz ni kalenda.

"Salaam alaykum." "Alaykum salaam, ami," Zain anasema, kiti kinasogea, ameinuka, na weupe unaingia ukingoni mwa jicho la Sumaiya, weupe wa kanzu, unapita, haupiti nyuma, bila shaka haupiti nyuma, unazunguka meza unakuja mbele, unasimama upande wa pili wa kioo pale pale pa Alhamisi, na sasa, sasa, nukta, nukta, "Shikamoo ami," anasema, anaisema kwa nukta, anaitupa juu kama mtu anayetupa funguo ghorofani, hajui kama imedakwa, "Marahaba, mwanangu," na weupe unageuka, Ami Moiz amegeuka nyuma kutazama ukutani, juu, kule anakotazama Sumaiya, anatafuta, "Kuna mjusi?" na Zain anabanwa na kicheko, anakimeza, kinamtokea puani, "Hapana ami, anatazama nukta, iko kwenye kioo, hapo huioni," "Aa," anasema Ami Moiz, "nukta," na anageuka tena mbele, na Sumaiya anajua bila kumwona kwamba anautafuta uso wake na hana pa kuushika, amesalimiwa na mtu asiyekuwepo, alikuja kidato, pumzi, kidato, pumzi, na juu amekuta kalenda, yeye ndiye kalenda, si Ami Moiz, yeye Sumaiya ndiye aliyejibandika ukutani... na nukta inaanza kufifia, inaanza kugeuka, bado kidogo itakuwa nyeupe, ameweza, "Hivyo hivyo," Zain ananong'ona, "hivyo hivyo, usiache," na Ami Moiz anasema kwa upole, "Mwanangu, kama ni taabu usijitese, hakuna anayekulazimisha," na upole ule unakuja usawa wa shingo, na shingo inaujua, na anashikilia, meno yamebana, anashikilia kama anayezuia mlango, na kwa nini, anajiuliza ghafla, kwa nini ni yeye anayezuia mlango.

Nani aliyesema chini ni Futa? Zain alilitafsiri jina tu, mahali lilikuja napo, lilitoka huko mashine ilikotengenezwa, mtu alikaa mbele ya kioo chake akajiuliza wapi hapatazamwi, akaona chini, akaweka neno la hatari pale kama mtu anavyoweka sumu ya panya nyuma ya kabati, na huko kwao ni sawa, pengine huko kwao mtu akisemeshwa na mkubwa humtazama usoni na ndiyo heshima, hawana kosa, hawakumjua Bibi Radhiya, lakini hapa chini panatazamwa, hapa chini pamejaa, chini ndiko mtoto anakotazama anapopewa nasaha, chini ndiko biharusi anakotazama watu wanapomwimbia, chini ndiko alikotazama yeye siku Ami Moiz alipoushika mstari wake wa kwanza akausifu, macho chini si kutokuwepo, macho chini ni nipo, nasikia, endelea, ni neno zima, neno ambalo mji huu wote unalisema kila siku bila kufungua mdomo, na mashine imelisikia na kulielewa kuwa futa... na hata haikumlazimisha yeye tu, huko mbele anakokusema Zain si kwa wagonjwa, watakuwa na miwani, watakuwa na vioo visivyoguswa, kila mtoto wa Kiponda, wa Kidichi, wa Bwejuu atakuwa anafungua na kufunga kwa jicho, mwenye mikono na asiye nayo, na wataambiwa na kitu kama chanuo usiinamishe macho, ukiinamisha umepoteza, na watazoea, watoto huzoea upesi, watawatazama bibi zao kama nukta, na hapo ataulizwa nani, atalaumiwa nani, mashine hufundishwa mara ya kwanza na waliopo, na waliopo leo chumbani humu ni yeye na Zain, hakuna mwingine wa kungojwa, yeye aliyeufuata ukuta ulivyo miaka yote bila kuunyoosha anaiacha shingo yake inyooshwe na kipande cha plastiki ili ahesabiwe ameweza, na nukta imekuwa nusu nyeupe, bado kidogo, akishikilia pumzi mbili atapita, atachora, Ami Moiz ataridhika, meza ni yake, na kesho yake atakapoulizwa hali ya bibi yake atafanya nini, atamtazama nani.

"Zain."

"Naam, we tazama tu, bado kidogo."

"Iondoe Futa pale chini."

"Nitaiondoa, tumalize hii kwanza."

"Sasa hivi. Iweke juu, pembeni kabisa, mahali mtu hapatazami ila amekusudia. Na chini usiweke kitu. Mtu akitazama chini, mashine inyamaze imngoje, isiandike, isifute, isimwambie haimwoni."

"Da Suma," na sauti yake imeshuka, imekuwa ya mtu anayemvuta mwenzake nguo ukingoni mwa paa, "ami keshafika, mchoro huu unauweza, wallahi unapita, hayo mambo ya mpangilio tutayafanya kesho tukiwa na nafasi, nikiifungua sasa inabidi tuanze moja, na ikigoma je?"

"Ikigoma tutairekebisha."

"Mbele ya ami?"

"Mbele ya ami."

Hajapata kumkatalia mtu kazi, hajapata kumfanya mkubwa angoje, na anaijua hatari yake, Ami Moiz amekuja kuona mchoro na ataona vijana wawili na mashine iliyofunguliwa tumbo, anaweza kusema basi, yatosha, pumzika, na akisema hivyo hakuna atakayemlaumu, na hata hivyo woga umekaa pembeni, umekaa kama mgeni aliyekuja bila kualikwa na chakula kimekwisha, na weupe upande wa pili wa kioo umetulia, "Mnazungumza nini nyinyi?" Ami Moiz anauliza, "Anafuta nini tena?" na Zain anafungua mdomo amjibie, na Sumaiya anamwahi, "Hakuna kinachofutwa, ami. Alhamisi sikuchoka. Uliniuliza habari ya Bibi nikainamisha macho, mashine haijui hilo ni jambo gani, ikaona ni amri. Sasa naifundisha. Sichori mpaka ijue, niwie radhi, hata kama ni kukaa hapa mpaka adhuhuri," na ameyasema yote kwa nukta bado, na anaona jinsi yanavyosikika, maneno ya kweli yanayosemwa kwa ukuta, na Ami Moiz anasema polepole, "Kwa hiyo Alhamisi uliniheshimu mimi, ukapoteza kazi ya asubuhi."

"Ndiyo, ami."

"Na hukunambia."

Jibu la hilo halisemwi kwa mdomo, na anasikia Zain ameanza kugonga kibodi, kwa vidole vyake kumi vyenye afya, haraka, anahema, ndio, anaifungua, na Ami Moiz hajasema kaa wala hajasema nenda, hajavuta kiti, amesimama, huenda anafikiri, huenda anatafuta neno laini la kumrudisha mtu nyumbani, Sumaiya hajui, kitambo kilichopita asingelivumilia kutojua, sasa anavumilia, uamuzi ni wake Ami Moiz, kazi hii ni ya Sumaiya, na akiambiwa leo aende atakwenda na mpangilio ule kichwani, atamfuata Zain kwao jioni, atafuata mwingine, atakaa mbele ya kioo chochote kile chenye kumwona na ataanza na pale chini, na nukta juu kule iko nusu nyeupe, inamngoja, bado pumzi moja, na yeye anaiacha. Anainamisha macho. Yanashuka kwa njia yao yaliyoizoea, yanapita kioo, yanapita meza, yanatua juu ya mikono yake miwili mapajani, na kwenye kioo bila ya kutazama anajua nukta imerudi kijani na maneno yametoka, Sikuoni, "Shikamoo, ami," anasema, upya, yote, na hana haraka ya kuyainua.